Nyumba ya Mke, Talaka ya Mume: Mwanamke wa Kiminangkabau Mbele ya Kadhi

  

Ndugu msomaji, mwanamke anapokwenda kudai talaka, jamaa zake huwa na swali ambalo hulitanguliza hata kabla ya kumuuliza kilichomsibu: "Ukiachika utakaa wapi?" Nyumba ni ya mume, shamba ni la mume, na kwao kaka ameshaoa na chumba kimekwisha kuchukuliwa. Kwa swali hilo wanawake wengi hurudi walikotoka wakavumilia mambo ambayo sheria ya Mwenyezi Mungu haikuwalazimisha kuyavumilia. Ndipo baadhi ya watu wakahitimisha kwamba tatizo lote la mwanamke katika talaka ni nyumba. Mpe nyumba, naye amekwisha kupata nusura yake. Kauli hiyo inafaa ipimwe, na mahali pazuri pa kuipimia ni kwa Waislamu ambao kwao nyumba ni ya mwanamke tangu enzi za mababu.

Hao ni Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, nchini Indonesia. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.5 katika mkoa huo, na wengi wao ni Waminangkabau. Wengine wengi wametawanyika Jakarta, Medan, Pekanbaru na hata Malaysia. Ni Waislamu, ni Mashafi kama sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki, na Minhaj ya Imam Nawawi iliyosomeshwa Lamu na Unguja ndiyo iliyosomeshwa kwao pia. Hata hivyo nasaba yao ya ukoo huhesabiwa kukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wanazuoni wa elimu ya jamii huwataja kuwa ndiyo jamii kubwa kuliko zote duniani yenye kufuata utaratibu huo.

Mume ni mgeni mheshimiwa

Mashamba ya mpunga na nyumba kubwa ya ukoo, iitwayo kwa lugha yao rumah gadang, havigawanywi wala haviuzwi ovyo. Huitwa pusako tinggi, yaani urithi wa juu, na hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti zake. Msimamizi wake ni mamak, yaani mjomba, kaka wa mama. Yeye ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, huwashauri, huwaoza na huwatetea. Katika nyumba ile kubwa kila binti aliyeolewa hupewa chumba chake. Wavulana wakikaribia kubaleghe zamani hawakuwa na chumba. Walilala surau, kijumba cha swala na madrasa, wakajifunza Qur'ani na adabu za wanaume.

Mume akioa, yeye ndiye huhamia kwa mke. Jina lake katika nyumba hiyo ni urang sumando, na mila yao humfananisha na jivu lililokaa juu ya kisiki, upepo ukivuma limekwenda. Zamani mume alifika usiku, na kulipokucha alirudi kulima shamba la mama yake na dada zake. Wasomaji wetu wa Mtwara na Lindi, walio karibu na Wayao, Wamakua na Wamakonde, na ndugu zetu wa Ngazija ambako nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, hawatashangaa sana. Wanamjua mwanamume anayeishi katika nyumba isiyo yake.

Utaratibu huu haukupita bila ya upinzani wa wanazuoni. Vita vya Padri, vilivyoanza mwaka 1803 na kuendelea hadi 1837, vilianza kama ugomvi wa wanamageuzi wa dini na wazee wa mila kabla ya Wadachi kuingilia kati. Baadaye yakatulia makubaliano ambayo Mminangkabau yeyote atakutajia: kwamba mila imesimama juu ya sheria, na sheria imesimama juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Sheikh Ahmad Khatib (1860–1916), mwana wa nchi hiyo aliyefikia daraja ya kuwa imamu na khatibu wa Kishafi katika Msikiti Mtukufu wa Makka, aliendelea kuikemea vikali desturi ya mali ya mtu kurithiwa na watoto wa dada yake badala ya watoto wake. Mwaka 1952, katika mkutano uliofanyika Bukittinggi, maulamaa na wazee wa mila walikubaliana kwamba mali ya ukoo ibaki kama ilivyo, lakini mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake irithiwe kwa faraidhi. Jambo la mirathi ni pana, na leo si mada yetu, isipokuwa pale litakapogusa talaka.

Neno liko kwa nani?

Sasa turejee kwenye kipimo chetu. Mwanamke huyu ana nyumba, ana shamba, ana mjomba wa kumsemea na ana dada zake pembeni. Mume akimchukiza, jamaa wa mke wana njia nyingi za kumfanya aone kuwa hatakiwi tena, mpaka akaondoka mwenyewe bila ya kufukuzwa. Je, amekwisha kuachika?

La hasha. Mume ametoka, lakini akdi ya nikahi imebaki pale pale. Talaka katika sheria yetu ni tamko, na tamko hilo liko kwa mume hata kama amelala surau au amekwenda ng'ambo ya bahari. Mwanamke wa Kiminangkabau anaweza kumtoa mume nyumbani, wala hawezi kwa hilo kujitoa katika ndoa. Hawezi kuolewa na mwingine, wala eda yake haijaanza. Amekuwa yule aliyetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 129, mwanamke aliyeachwa ananing'inia, si mwenye mume wala si mtalaka. Na aya hiyo inawakataza wanaume kuwafanya wake zao hivyo.

Kwa watu hawa hatari hiyo ni kubwa kuliko kwingine kwa sababu ya desturi yao ya marantau. Kijana wa Kiminangkabau, kwa kuwa hana chumba wala shamba nyumbani, huenda kutafuta riziki katika miji ya mbali. Wafanyabiashara na wenye migahawa wa Kiminang wameenea Indonesia nzima. Wengi hutuma fedha na hurudi kila Idi. Wapo wasiorudi. Na madhehebu yetu ya Shafi, katika kauli mpya ya Imam, yanamtaka mke wa mtu aliyepotea asubiri mpaka upatikane uhakika wa kifo au talaka, kauli ya zamani ndiyo iliyofuata hukumu ya Sayyidna Umar (R.A.) ya kungoja miaka minne. Mwanamke wa miaka 25 ambaye mumewe amekwenda na kunyamaza atafanya nini na uhakika huo?

Tusisahau kwamba Uislamu wenyewe haukuufunga mlango huu. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) habari ya mke wa Thabit bin Qays, aliyemjia Mtume (S.A.W.) akasema kuwa hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini, ila anachelea kuingia katika kukufuru akiendelea kukaa naye. Mtume hakumtaka aeleze vipigo wala alete mashahidi. Alimuuliza kama yuko tayari kurudisha bustani aliyopewa kuwa mahari. Aliposema ndiyo, akamwamuru Thabit aipokee na amwache kwa talaka moja. Hiyo ndiyo khului, kujivua ndoa kwa kutoa badali, na msingi wake umo katika Suratul Baqara, aya ya 229. Ipo pia hadithi inayomkanya vikali mwanamke anayeomba talaka pasipo dhara lolote, nayo husomwa sana katika mawaidha yetu, mara nyingi peke yake. Wasomaji wa kike wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini ya Thabit haisomwi nayo. Sina jibu la kuwaridhisha.

Ugumu uko hapa: kwa mujibu wa fiqhi ya Shafi, khului ni mkataba, na mume lazima aukubali. Mume akikaidi au akiwa hapatikani, khului haiendi. Kunabaki fasakh mbele ya kadhi, ambayo katika vitabu vyetu sababu zake zimebanwa.

Sharti linalosomwa siku ya nikahi

Maulamaa wa visiwa vile waliutatua ugumu huu kwa kitu kilichomo ndani ya madhehebu yenyewe, nacho ni taliki, yaani talaka iliyofungamanishwa na sharti. Mume akisema, "Ukiingia nyumba ile umeachika," na mke akaingia, talaka imepita. Hapana khilafu kubwa katika hilo kwa Mashafi. Basi wakasema, chombo hiki ambacho wanaume wamekitumia kuwatisha wake zao kigeuzwe kiwe ngao ya mke. Asili ya desturi hiyo hunasibishwa na Sultan Agung wa Mataram, kisiwani Java, katika karne ya 17, na baadaye ikaenea hadi Sumatra.

Leo, baada ya akdi, bwana arusi wa Kiindonesia husoma maneno yaliyochapishwa katika kitabu chake cha ndoa. Anakiri kwamba akimwacha mkewe na kwenda zake miaka 2 mfululizo, au asipompa matumizi ya wajibu kwa miezi 3, au akimuumiza mwili, au akimtelekeza kwa miezi 6 na zaidi, kisha mke asiridhie, akashitaki mahakamani, mahakama ikathibitisha, na mke akatoa badali ya fedha kidogo (rupia 10,000, kiasi ambacho hakimshindi hata maskini), basi talaka moja imempata. Fedha hiyo mume ameiwakilisha mahakama iipokee kwa niaba yake na kuitoa kwa shughuli za kheri.

Tazama ufundi wa fiqhi uliomo. Tamko la talaka ni la mume, amelitamka mwenyewe kwa hiari yake mbele ya mashahidi siku ya furaha yake. Badali imetolewa, kwa hiyo ina sura ya khului, na mume hana haki ya kumrejea mke ndani ya eda bila ya akdi mpya. Ridhaa yake, ambayo Mashafi wanaishurutisha, ilikwisha kupatikana zamani. Akiwa Jakarta au akiwa amepotea, haihitajiki tena. Kusoma sharti hilo si lazima kisheria, lakini akishalisoma hawezi kulifuta. Mwaka 1996 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa rai kwamba kulisoma hakuna ulazima tena kwa kuwa sheria ya nchi imekwisha kuyabeba yaliyomo. Hata hivyo watu wameendelea kulisoma.

Sheria hiyo ya nchi ni ile ya ndoa ya mwaka 1974, ikafuatiwa na sheria ya mahakama za dini ya mwaka 1989 na Mkusanyiko wa Sheria za Kiislamu wa mwaka 1991. Hakuna talaka inayotambuliwa na dola nje ya mahakama, awe anayeitaka ni mume au mke. Mume anayetaka kuacha huomba idhini ya kutamka. Mke anayetaka kuachika hufungua dai, nalo huitwa cerai gugat. Na jambo ambalo mtu anaweza kulipita bila ya kuliona: mashauri yote mawili, kwa kawaida, hufunguliwa katika mahakama ya mahali anapoishi mke. Mwanamke wa Payakumbuh hamfuati mumewe Jakarta. Anakwenda kwenye mahakama ya mji wake, na mume asiyejulikana alipo huitwa kwa tangazo.

Sababu za kuachanishwa zilizotajwa katika Mkusanyiko wa 1991 ni pamoja na ulevi na kamari, kutoweka miaka 2, kifungo cha miaka 5, ukatili, kuvunja sharti la taliki, na ugomvi usiokoma wala kutarajiwa suluhu. Hii ya mwisho ndiyo pana kuliko zote. Hapo hakimu huweza kuvunja ndoa hata mume akikataa, jambo ambalo liko karibu zaidi na madhehebu ya Maliki kuliko yetu.

Robo tatu ni wake

Takwimu za serikali ya Indonesia za mwaka 2022 zinaonyesha talaka zaidi ya 516,000 kwa Waislamu wa nchi nzima, na kati ya hizo zaidi ya 388,000 zilitokana na madai ya wake. Ni robo tatu. Sababu iliyoandikwa mara nyingi kuliko zote ni ugomvi usiokwisha, ikifuatiwa kwa mbali na uchumi.

Najua namna habari kama hii inavyopokelewa misikitini kwetu. Mzee mmoja atasema Kiyama kimekaribia, kijana atasema ni haya mambo ya usawa. Mimi naona tuisome takwimu hiyo taratibu. Kwanza, ni ya Indonesia nzima, na wengi wa Waindonesia si watu wa kukeni. Kwa hiyo haifai kusemwa kwamba nyumba ya Mminangkabau ndiyo iliyoizaa. Pili, mahakama huandika aliyefungua shauri, haiandiki aliyeivunja ndoa. Mume aliyechoka anaweza kuondoka tu, akaoa kwingine kwa siri, wala asione haja ya karatasi. Anayeihitaji karatasi ni mke, kwa sababu bila ya hiyo hawezi kuolewa. Naamini sehemu kubwa ya wake hao hawakwenda kuua ndoa, walikwenda kuandikisha kifo chake.

Mjomba amekwenda wapi?

Suratun Nisaa, aya ya 35, inaagiza kwamba ikichelewa mfarakano kati ya mume na mke wapelekwe waamuzi wawili, mmoja kutoka jamaa zake na mmoja kutoka jamaa zake. Hakuna jamii iliyokuwa tayari kwa aya hii kuliko Waminangkabau. Mjomba wa mke yupo, mjomba wa mume yupo, wote wana heshima na wote wanajua kusema na kunyamaza. Mila yao inataka ugomvi wa ndoa upande ngazi, uanzie nyumbani, ufike kwa wajomba, kisha kwa wakuu wa koo, kabla ya kutoka nje.

Lakini mjomba naye amekwenda kutafuta riziki. Familia za mjini sasa ni baba, mama na watoto katika nyumba ya kupanga huko Padang, na baba wa leo ndiye anayelipa ada na kuoza binti zake. Hilo lina kheri yake, na wanamageuzi waliolipigania walikuwa na hoja. Hasara yake ni kwamba wanandoa wengi hufika kwa hakimu bila ya kupitia kwa mtu mzima yeyote aliyewapenda wote wawili. Sheria ya 1989 imemruhusu hakimu kuteua waamuzi kutoka kwa jamaa katika mashauri ya mfarakano, na usuluhishi mahakamani umewekwa kuwa lazima pale pande zote mbili zinapohudhuria. Msuluhishi wa mahakama hata hivyo anawajua wanandoa kwa majina ya faili.

Mali na nani amejenga juu ya ardhi ya nani

Kuna upande ambao mwanamume ndiye huumia, na uadilifu unatutaka tuuseme. Mume amefanya kazi miaka 20 na kujenga nyumba ya matofali, ila ameijenga juu ya ardhi ya ukoo wa mkewe. Ndoa ikivunjika, nyumba haibebeki. Kanuni ya mila yao ni nzuri: mali ambayo mke alikuwa nayo inabaki kwake, aliyokuja nayo mume inarudi naye, na waliyochuma pamoja inagawanywa. Mkusanyiko wa 1991 nao unampa kila mmoja nusu ya mali ya pamoja. Tatizo ni kuipata hiyo nusu iliyosimama juu ya urithi wa juu usiouzwa. Wenye busara hutathmini jengo, na mke au ukoo wake humlipa mume thamani ya sehemu yake. Wengine humwachia aende na begi, na hilo ni kula mali ya mtu kwa batili hata kama mla ni mwanamke aliyedhulumiwa katika mengine.

Watoto

Hapa ndipo nyumba ya mke inapomgeukia mke mwenyewe. Mtoto wa Kiminangkabau hapotezi ukoo wazazi wakiachana. Ukoo wake ni wa mama, chumba chake kipo, bibi yupo. Sheria pia inampa mama malezi ya mtoto aliye chini ya miaka 12. Hamka (1908–1981), mfasiri mashuhuri wa Qur'ani na mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Maulamaa la Indonesia, alikuwa mwana wa nchi hiyo, na wazazi wake waliachana angali mtoto. Baba yake, Haji Abdul Karim Amrullah, alikuwa miongoni mwa maulamaa wakubwa wa zama zake. Maandishi ya mwana yanaonyesha kwamba kuwa na ukoo hakukumwondolea machungu ya kutengana kwao.

Baba akiona mtoto wake ana paa na ana mpunga wa ukoo, ni rahisi ajiambie kwamba hadaiwi kitu. Fiqhi haikusema hivyo. Matumizi ya mtoto ni deni la baba kwa kadiri ya uwezo wake, nayo hayaondolewi na shamba la bibi wala ukarimu wa mjomba. Mkusanyiko wa 1991 umeyaweka juu ya baba mpaka mtoto afikie utu uzima. Tena, tangu mwaka 2018, mwongozo wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo unaruhusu mke aliyedai talaka mwenyewe kupewa matumizi ya eda na kitoka nyumba, mradi hakuthibitika kuwa nashiza. Kabla ya hapo mahakimu wengi waliona kuwa aliyeomba kuachika amejinyima mwenyewe.

Kifungu cha 86 cha sheria ya 1989 kinamruhusu mwanamke kuunganisha dai la talaka na madai ya malezi, matumizi ya watoto na mali ya pamoja katika shauri moja. Asiyejua huandika ombi la talaka tupu, kwa kuwa alichokitaka wakati ule ni kutoka tu, na hukumu humrudia ikiwa na talaka tupu. Kisha baba yuko Pekanbaru, ada za shule zimefika, na itabidi afungue shauri jingine.